Mtandao ulizimwa, uzushi ukabaki

  

Ndugu msomaji, Ijumaa ya Oktoba 31, 2025 nilipanda mimbari nikiwa sijui kilichotokea umbali wa kilomita tatu kutoka msikitini kwetu. Nimekhutubu hapa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka ishirini, na siikumbuki Ijumaa nyingine ambayo imamu alikuwa mjinga kuliko maamuma wake. Uchaguzi Mkuu ulifanyika Jumatano, Oktoba 29. Siku hiyohiyo ghasia zilizuka katika miji kadhaa, intaneti ikazimika nchi nzima, na Jeshi la Polisi likatangaza kuwa katika jiji letu hakuna ruhusa ya kutoka nje kuanzia saa 12 jioni. Msikiti ambao Ijumaa hujaa hadi barazani ulikuwa na safu mbili na nusu. Na wale waliofika walinikodolea macho kama watu wanaosubiri kuambiwa jambo.

Nilikuwa na habari nyingi, na hilo ndilo lililonitaabisha. Muuza maziwa alikuwa amenieleza la kwake alfajiri. Mwadhini alikuja na la pili, lililokanusha la kwanza. Kijana mmoja aliyetoka upande wa Ubungo kwa miguu aliniletea la tatu, na mzee mmoja ambaye hakuwa ametoka nje ya nyumba yake tangu Jumatano alikuwa na la nne, nalo lilikuwa na maelezo mengi kuliko yote. Kila mmoja aliapa. Nilipowauliza mmoja mmoja kama ameona kwa macho yake, hakuna aliyeona. Redio niliyofungua ilikuwa ikisoma matokeo ya majimbo.

Basi nilikhutubu juu ya subira, nikawaombea waliofikwa na misiba bila kujua ni akina nani wala ni wangapi, nikashuka. Kama ningeishia hapo, makala haya yasingeandikwa.

Kosa langu

Baada ya sala alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu. Mwanawe, kijana wa bodaboda, alikuwa hajarudi nyumbani tangu Jumatano mchana. Simu yake ilikuwa haipatikani. Mama alikuwa amekwisha kwenda kituo cha polisi kimoja na zahanati mbili, na alikuwa akijiandaa kwenda hospitali kubwa, kisha, kama ulimi wake ulivyokataa kutamka, mahali pengine. Alikuja kwangu si kwa fatwa. Alikuja kwa sababu imamu hukutana na watu wengi.

Saa moja kabla ya hapo mtu mmoja alikuwa ameniambia kwamba kijana huyo yuko Mbagala kwa rafiki yake, mzima wa afya, anangoja barabara zitulie. Nilimhurumia mama yule. Nikamwambia, “Mwanao yuko Mbagala, usiwe na wasiwasi.” Sikusema “nimesikia”, wala sikusema “kuna mtu amedai”. Nilisema yuko. Mama alilia kwa furaha, akarudi nyumbani, akaacha kutafuta.

Jumamosi alasiri ndugu wa huyo rafiki wa Mbagala alifika mtaani. Kijana aliyekuwa kwao alikuwa mwingine. Jina lilikuwa moja, kazi moja, hata rangi ya pikipiki ilikuwa moja. Na ninyi mnajua kuwa majina yetu mtaani ni yaleyale kumi, ukiita Ramadhani wanaitika sita. Mama yule alikuwa amepoteza siku nzima ya kutafuta kwa neno langu. Hakunilaumu. Alinitazama tu, na mtazamo ule ninao mpaka leo.

Mimi ndiye ninayewafundisha vijana tafsiri ya Surat al-Hujurat kila Jumanne baada ya Magharibi. Aya yake ya 6 inatuelekeza kuchunguza habari anayotuletea mtu asiyetegemewa, na inataja hasara ya kutofanya hivyo: kuwadhuru watu kwa ujinga, kisha majuto. Sharti hilo nimelieleza pengine mara mia. Siku lilipohitajika, huruma ilinishinda nikaliruka.

Lakini, ndugu msomaji, baada ya kujihukumu nafsi yangu nilijiuliza swali jingine. Ningechunguzaje? Siku za kawaida ningemwambia mwanangu aulize katika kundi la WhatsApp la vijana wa madrasa, ambamo wamo watu wa Mbagala, Gongo la Mboto, Tegeta na Kibaha. Angetuma picha ya kijana na kuuliza, “Ni huyu?” Katika dakika kumi tungejua kuwa si huyu. Mtu hawezi kuamrishwa kuthibitisha na wakati huohuo akanyang'anywa vyombo vya kuthibitishia. Katika fiqhi tunasema kwamba lile ambalo wajibu hautimii ila kwalo, nalo huwa wajibu. Sijui ni kwa nini kanuni hii tunaitumia sana katika maji ya udhu na hatuitumii katika habari.

Walivyofanya waliotutangulia

Uzushi wa kisiasa haukuanza na simu. Baada ya kuuawa Khalifa Uthman bin Affan mwaka 35 Hijria, umma ulipasuka makundi, na kila kundi likawa na watu wa kulitungia hadithi. Walimsingizia Mtume (s.a.w.) maneno ya kuwasifu viongozi wao na kuwatukana wa wenzao. Hili si jambo dogo. Uongo wa leo unamhusu mgombea. Uongo wa siku zile ulitiwa kinywani mwa Mtume.

Wanazuoni walifanya nini? Kama kungekuwa na haja ya kufunga milango yote ya masimulizi, siku zile ndizo zilistahiki. Hawakufunga. Muhammad bin Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 110 Hijria, ameeleza kuwa hapo mwanzo watu hawakuwa wakiulizia sanadi, na kwamba fitna ilipotokea ndipo walipoanza kudai kutajiwa majina ya wapokezi. Yaani fitna ilileta maswali zaidi, haikuleta ukimya. Nani kakwambia? Yeye kaambiwa na nani? Walikutana wapi, mwaka gani? Je, kumbukumbu yake ni nzuri, au alichanganyikiwa uzeeni? Kutokana na maswali hayo ikazaliwa elimu nzima ya wapokezi, yenye majalada ambayo maktaba zetu ndogo za hapa Pwani hazina nafasi ya kuyaweka. Mwongo alitajwa kwa jina lake kuwa ni mwongo. Mkweli aliendelea kusimulia.

Hapo ndipo ninapoona kosa la kuzima mtandao. Anapozimiwa mwongo mmoja pamoja na wakweli milioni, hatujui tena nani alikuwa mwongo. Na katika sheria yetu mtu hubeba mzigo wake mwenyewe. Habebeshwi wa jirani. Mama yule hakuwa ameandika neno lolote mtandaoni. Simu yake ni ya vitufe.

Hoja ya wanaozima

Nisiwe mbele ya haki. Wanaotetea hatua hizi wana hoja, na yeyote aliyeishi Afrika Mashariki mwaka 2008 anaifahamu. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ujumbe wa maandishi wa simu ulitumika kuchochea kabila dhidi ya kabila. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Serikali ya huko ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, ikafikiria pia kuufunga ujumbe wa maandishi nchi nzima. Aliyekuwa mkuu wa Safaricom wakati huo, Michael Joseph, alishauri njia nyingine: badala ya kufunga, kampuni iwapelekee wateja wake ujumbe wa kuwahimiza amani. Ndivyo ilivyofanyika. Njia ileile iliyobeba matusi ikabeba ujumbe wa kuyapinga.

Na hapa kwetu uongo wa mtandaoni tumeuonja. Mei 20, 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi katika mtandao wa X ilidukuliwa. Wadukuzi walitumia akaunti hiyo kutangaza kwamba Rais amefariki, pamoja na kuweka mambo machafu yasiyofaa kutajwa katika ukurasa huu. Fikirini: mpokezi mwenye sifa zote za kuaminika, alama ya serikali iko pale, na habari ni ya uongo. Polisi walikanusha, na watu wakajua ukweli siku hiyohiyo kwa sababu kulikuwa na njia ya kuufikisha. Lakini mtandao wa X wenyewe ukazuiwa nchini kuanzia siku hiyo, na baadaye Waziri mhusika akaeleza kuwa sababu ni picha za ngono. Septemba 6 mwaka huohuo Mamlaka ya Mawasiliano ikasimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90. Uchaguzi ulikuwa umebaki chini ya miezi miwili.

Mimi si mtu wa chama. Kadi niliyo nayo ni ya mpiga kura na ya bima. Lakini ninayasoma matukio kwa mpangilio wake, kama nilivyofundishwa kusoma riwaya. Mwaka 2020, siku moja kabla ya uchaguzi wa Oktoba 28, Twitter, WhatsApp na mitandao mingine ilianza kukwama, na watumaji wa ujumbe kwa wingi walikuwa wameshaamriwa kusitisha huduma hiyo. Mwaka 2025 ikawa intaneti yote. Shirika la NetBlocks linalofuatilia mitandao duniani lilithibitisha kuzimika huko siku ileile ya kupiga kura. Novemba 1 Tume ikamtangaza Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mshindi kwa karibu asilimia 98 ya kura, Novemba 3 akaapishwa Dodoma, na siku hiyo mtandao ukaanza kurejea. Waangalizi wa Umoja wa Afrika, katika taarifa yao ya siku mbili baadaye, walisema uchaguzi ule haukukidhi misingi ya Umoja huo, na kuzimwa kwa intaneti kulikuwa miongoni mwa waliyoyataja.

Watu waliuawa. Idadi yao imebishaniwa mno, wengine wakisema mamia na wengine zaidi ya hapo, na ubishi huo nao ni tunda la giza. Aliyefiwa hapati faraja katika hesabu, lakini ana haki ya kuwa na maiti wake ndani ya hesabu.

Majirani zetu hawako mbali nasi katika hili. Congo ilizima intaneti Desemba 31, 2018, siku moja baada ya uchaguzi, na kuirudisha baada ya takriban siku ishirini. Uganda ilizima Januari 2021, ikazima tena Januari 2026. Imekuwa kama ada: sanduku la kura likifunguliwa, swichi inazimwa.

Wakili mmoja wa Khartoum

Mimi nimesoma chuo kikuu Khartoum katika miaka ya tisini, na mpaka leo Sudan ikiumwa kichwa mimi huhisi homa. Juni 3, 2019 wanajeshi walipowashambulia waandamanaji waliokuwa wameketi mbele ya makao makuu ya jeshi, intaneti ilikatwa nchini kote. Wiki zikapita. Wakili mmoja wa pale alifungua kesi dhidi ya kampuni yake ya simu, Zain, akidai kwamba yeye ni mteja, ana mkataba, na huduma aliyoilipia haipati. Mahakama ikampa haki yake. Kampuni ikatakiwa kumrudishia intaneti. Ikamrudishia yeye peke yake, kwa sababu alishtaki kwa jina lake peke yake!

Nilicheka niliposikia kisa hicho, kisha nikaacha kucheka. Kwa muda, raia mmoja wa kawaida katika nchi ya mamilioni ya watu alikuwa na mtandao katika laini yake kwa amri ya hakimu. Hakukaa akaufurahia. Alirudi mahakamani na wenzake, na Julai 9 huduma ikarejea kwa watu wote. Mwaka uliofuata, Juni 2020, Mahakama ya Jumuiya ya Afrika Magharibi, ECOWAS, ilihukumu kuwa Togo ilikosea kuzima mtandao wakati wa maandamano ya 2017, na ikaamuru walalamikaji walipwe fidia. Kwa hiyo anayesema kuwa jambo hili ni la siasa tu na halina hukumu, hajui kwamba mahakimu wamekwisha kulikalia na kulihukumu.

“Mbona zamani tuliishi?”

Wazee wenzangu hupenda kusema hivyo barazani, na mimi pia niliwahi kusema. Zamani tuliishi bila intaneti, kwani tulikufa? Nikiwa Khartoum baba yangu alifariki, Mungu amrehemu. Barua ilinifikia baada ya wiki tatu. Nilisoma nikiwa nimesimama katika ua wa bweni, nikahesabu siku, nikakuta kwamba alipokuwa akizikwa mimi nilikuwa nacheza mpira. Naam, tuliishi. Lakini asiseme mtu kwamba ilikuwa raha.

Tena maisha yale yalipangwa kwa kadiri ya ule uzito wa habari. Namba za simu tulizihifadhi kichwani, kwa kuwa zilikuwa chache. Duka lilikuwa na daftari. Nauli ilikuwa mfukoni. Leo mfanyabiashara wa Kariakoo anapokea oda ya vitenge kutoka Lubumbashi kwa picha na ujumbe wa sauti. Hana kitabu cha anwani, ana simu. Wanafunzi wa chuo wanapata mafunzo yao humo. Tangazo la msiba, ambalo zamani lilibebwa na kijana wa baiskeli msikiti hadi msikiti, leo liko katika kundi la WhatsApp. Katika siku zile za Oktoba tulimzika mzee mmoja mwema, ambaye katika hali nyingine mtaa usingetosha kwa watu, tukiwa kumi na wanane. Tulimsalia upesi ili kila mtu awahi kurudi kwake kabla ya saa 12. Wanawe wawili walio Tanga walipata habari akiwa ameshafukiwa, kwani mwenye namba zao alikuwa amezihifadhi katika kundi ambalo halikufunguka.

Mdogo wangu wa kike anaishi Maskati na wanawe. Kwa siku mbili alikuwa akisikia huko kwamba mtaa wetu umeteketea. Alipofanikiwa kunipata kwa simu ya kawaida, kwa gharama asiyoimudu, neno lake la kwanza lilikuwa, “Kaka, umebaki na nani?” Nilikuwa nakunywa uji. Mtaa ulikuwa kimya, hakuna hata kibanda kilichoungua. Uzushi ulikwishavuka bahari, na kanusho lake limekaa hapa, halina chombo.

Nyumbani kwetu nako

Kuna jambo wazazi huniuliza kila mara, nami sitaki walidhani nimelisahau: “Sheikh, kwani si bora mtandao ufungwe, kwa uchafu uliomo?” Ninawaelewa. Mimi mwenyewe ni mdhibiti nyumbani kwangu. Binti yangu alipokuwa darasa la saba nilimnyang'anya simu ya mamaye mara mbili. Kumkinga mtoto na picha za uchafu ni wajibu wa mzazi, na serikali inayomsaidia mzazi katika hilo inastahiki dua.

Lakini tazameni kilichotokea X ilipozuiwa. Vijana wetu walijifunza VPN, ile programu inayomwezesha mtu kuonekana yuko nchi nyingine na kuvuka kila kizuizi. Mamlaka ilikwisha kuwataka watumiaji wa VPN wajisajili tangu Oktoba 2023, na sijakutana na kijana hata mmoja aliyejisajili. Walikuwa wakiitafuta ili wasome habari za siasa. Sasa programu ileile iko katika simu ya mtoto wa miaka kumi na minne, na haiulizi kama anakwenda kusoma mdahalo au kuangalia uchafu. Ukuta uliojengwa kwa ajili ya mambo mawili umetobolewa kwa ajili ya moja, na lile la pili linapita kwenye tundu hilohilo. Laiti tungeacha kizuizi kwa uchafu peke yake, pengine mtoto wa jirani asingekuwa na sababu ya heshima ya kujifunza kuruka ukuta.

Wala sitawaacha watumiaji. Mtandao uliporejea Novemba 3, polisi walituma ujumbe katika simu wakionya dhidi ya kusambaza picha za kuleta taharuki. Wengi walikasirika, wakiona kwamba kinachofichwa ni ushahidi. Walikuwa na sababu. Lakini katika simu yangu mwenyewe, usiku ule wa kwanza, niliona video ya mafuriko ya watu ambayo mwanangu alinionyesha kuwa ni ya nchi nyingine na ya mwaka mwingine. Mabango yake yaliandikwa lugha ambayo si yetu. Niliyetumiwa nayo ni hafidh wa Qur'ani. Alipoulizwa ameipata wapi, alijibu kama nilivyojibu mimi Ijumaa ile: “Nimeletewa.” Anayesambaza uongo kwa ajili ya haki anampa mwenye swichi hoja ya kuizima tena.

Ipo njia nyingine, na haiko mbali. Katika uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2022 Tume yao iliweka mtandaoni fomu za matokeo za vituo vya kupigia kura zaidi ya 46,000, kila mtu azione. Wanafunzi, magazeti, vyama, hata wazee wa barazani Mombasa, walijumlisha wenyewe. Waliobishana walikwenda Mahakama ya Juu, ikaamua Septemba 5. Sisemi kila mtu aliridhika. Nasema kila aliyedai kuibiwa aliweza kuulizwa: kituo gani, fomu ipi? Hiyo ndiyo sanadi.

Januari 2026, akizungumza na mabalozi, Rais Samia aliwapa pole mabalozi na wageni waishio nchini waliopatwa na usumbufu katika siku zile, ukiwemo wa kukosa intaneti. Pole ni neno zuri la Kiswahili na sina ugomvi nalo. Ningependa limfikie pia mama wa mtaani kwetu.

Maana kijana wake alirudi, alhamdulillahi. Alikuwa Kibaha. Jumatano ile alipokimbia simu ilimdondoka, na familia moja isiyomjua ikamhifadhi. Walimpa simu yao apige nyumbani, akakuta kwamba haijui namba ya mama yake. Wala ya dada yake, wala ya mtu yeyote duniani ila namba yake mwenyewe, iliyokuwa imeanguka barabarani. Alichokijua ni jina la dada yake katika Facebook. Kila siku alijaribu kumwandikia kwa simu ya mwenyeji wake, na kila siku ujumbe ulikataa kwenda. Usiku wa Jumatatu ukaenda. Alfajiri ya Jumanne nilisikia vigelegele kabla ya adhana.

Nilikwenda kuomba radhi siku hiyohiyo. Nilimkuta kijana ameketishwa ukumbini na daftari la shule la mdogo wake, mama amesimama juu yake, akimwandikisha namba za ukoo mzima na kumtaka azikariri moja baada ya nyingine, kama sisi tulivyokaririshwa Juzuu Amma. Yangu ilikuwa ya tano. Mama alinikaribisha chai. Nilipoanza kumweleza habari niliyoisikia asubuhi ile kuhusu barabara ya Morogoro, aliweka birika chini akaniuliza, “Sheikh, umeiona mwenyewe?”